Njiti Moja Tu: Historia ya Hesabu za Vibiriti na Funzo Lake kwa Walimu wa Lugha

Utangulizi

Muhula uliopita tulifika darasani mapema kidogo, tukawakuta wanafunzi wachache wa mwaka wa pili wameinamia simu ya mwenzao. Tulidhani wanasoma ujumbe, kumbe walikuwa wanacheza mchezo wa mafumbo. Kwenye kioo cha simu zilionekana njiti za kibiriti zilizopangwa kama tarakimu za kikokotoo, nazo zilisomeka hivi: 6 + 4 = 4. Agizo lilikuwa fupi: hamisha njiti moja tu ili hesabu iwe sahihi.

Fumbo hilo tulikuwa tunalijua. Tulilichora ubaoni na kuwapa wanafunzi wote dakika tano. Jibu letu tulikuwa nalo tayari: njiti ya katikati ya 6 inahamishiwa upande wa juu kulia, 6 inageuka kuwa 0, na 0 + 4 = 4. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi nimepata nane kutoa nne." Tulimjibu papo hapo kwamba amekosea, kwa kuwa hesabu ni ya kujumlisha. Darasa likanyamaza. Yule mwanafunzi akaja mbele, akafuta kijiti cha wima cha alama ya kujumlisha, akakichora kwenye 6. Ubao ukasomeka 8 − 4 = 4. Hapakuwa na haja ya maelezo zaidi.

Tulimwomba radhi na somo likaendelea, lakini jambo lenyewe halikututoka moyoni. Agizo lilisema njiti moja tu. Halikusema popote kwamba alama ya kujumlisha isiguswe. Sheria hiyo tuliitunga sisi wenyewe kichwani, tukaisahau kwamba ni yetu, kisha tukamhukumu nayo mwanafunzi. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya fumbo hili, tangu vijiti vya kuhesabia vya kale hadi mchezo wa video, kisha tuonyeshe linavyomhusu mwalimu wa Kiswahili, hasa anaposhika kalamu nyekundu.

Vijiti kabla ya kibiriti

Kuhesabu kwa vijiti ni jambo la kale kuliko kibiriti. Wachina wa kale walitumia vijiti vidogo vya kuhesabia vilivyopangwa juu ya ubao au mkeka. Namba 1 hadi 5 zilionyeshwa kwa vijiti vyenyewe, na kuanzia 6 kijiti kimoja kilicholazwa kwa upande mwingine kilisimama badala ya vitano. Makumi yalielekezwa tofauti na mamoja, ili msomaji asichanganye nafasi. Mtaalamu Liu Hui, aliyeandika maelezo yake mwaka 263, anaeleza matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Ujuzi huo ulivuka bahari na kufika Japani, ambako vijiti hivyo viliitwa sangi. Kwa hiyo, wazo kwamba hesabu inaweza kubadilika kwa kusogeza kijiti kimoja lilikuwapo Asia ya Mashariki karne nyingi kabla ya kibiriti kubuniwa.

Namba za Kirumi nazo ni kama zimetengenezwa kwa vijiti. I ni kijiti kimoja, V ni viwili vilivyoegemeana, na X ni viwili vilivyokatizana. Ndiyo maana mafumbo mengi ya njiti hutumia namba hizo hadi leo. Na sisi tuliosoma shule za msingi za Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda mbali. Wengi wetu tulianza kujumlisha kwa mafungu ya vijiti tulivyookota na kuvifunga kwa kamba ya mgomba, kumikumi. Mtoto aliyejifunza kujumlisha hivyo anajua kwa vidole vyake kwamba namba ni kitu kinachoweza kufunguliwa na kufungwa upya.

Kibiriti na jina lake

Kibiriti chenyewe ni kitu cha juzi. Mwaka 1826, John Walker, muuza dawa wa mji wa Stockton-on-Tees nchini Uingereza, aligundua kwamba kijiti kilichopakwa mchanganyiko fulani wa kemikali huwaka kikisuguliwa. Aliuza vijiti vyake vya kwanza mwezi Aprili 1827 pamoja na kipande cha karatasi ya msasa, wala hakuomba hataza. Miaka michache baadaye watengenezaji walianza kutumia fosforasi nyeupe, ambayo iliwaka kwa urahisi lakini ikawaozesha taya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wa kiwanda cha Bryant & May jijini London waligoma wakipinga hali zao za kazi, na mwaka 1906 mkataba uliotiwa saini mjini Bern, Uswisi, ulipiga marufuku fosforasi hiyo katika utengenezaji wa vibiriti.

Kibiriti salama, kile kinachowaka kwa kusuguliwa ubavuni mwa kasha lake tu, kilitokana na kazi ya Msweden Gustaf Erik Pasch mwaka 1844, na kiliendelezwa na ndugu wawili wa ukoo wa Lundström katika mji wa Jönköping. Mashine za kukata njiti zilipoenea, njiti zikawa za urefu mmoja, nyoofu, za bei ndogo, na zimo katika kila nyumba. Hili la mwisho ndilo muhimu kwetu. Fumbo linalohitaji vifaa adimu haliendi mbali, ila fumbo linalohitaji kasha la kibiriti hufika popote penye jiko au mvuta tumbako.

Tusipite hapa bila kulitazama neno lenyewe. Kibiriti, au kiberiti, limetokana na neno la Kiarabu kibrit, yaani salfa. Kabla ya Walker watu walichovya vijiti kwenye salfa ili vidake cheche haraka, na kwa njia hiyo jina la madini likahamia kwenye kitu kinachowashia moto. Maana ya zamani haijafa. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakumbuka kwamba Sodoma na Gomora ziliangamizwa kwa kiberiti na moto, na hakuna anayedhani kwamba kilichonyesha huko kilikuwa makasha ya njiti. Neno hili tutalirudia mbele, kwa sababu limebeba fumbo la aina yake.

Kutoka mezani hadi kitabuni

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafumbo ya njiti yalianza kuonekana katika magazeti na vitabu vya burudani vya Ulaya. Miongoni mwa waliokusanya mafumbo hayo alikuwa Sophus Tromholt (1851–1896), mwalimu kutoka Denmark anayejulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa mianga ya anga ya kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alichapisha kwa Kijerumani kitabu kizima cha michezo ya njiti. Nchini Uingereza Henry Dudeney (1857–1930), mtungaji mafumbo mashuhuri, naye alitunga ya njiti.

Mafumbo ya aina hii yako katika makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza ni la maumbo: una miraba mitano, hamisha njiti kadhaa ibaki minne. Kundi la pili, ambalo ndilo letu, ni la hesabu: una mlinganyo usio kweli, hamisha njiti moja uwe kweli. Kundi la pili lina tabia moja ambayo la kwanza halina. Umbo la mraba halina maana nyingine zaidi ya kuwa mraba, lakini 6 na + na = ni maandishi. Anayefumbua hesabu ya njiti anasoma, na anachosogeza ni sehemu ya herufi. Ndiyo sababu tunathubutu kusema kwamba fumbo hili, japo limevaa nguo za hisabati, ni fumbo la kusoma.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Fumbo linatokana na kitenzi fumba, yaani kufunga au kuziba, kama mtu anavyofumba macho au ngumi. Anayejibu hufumbua. Tunaiita hii kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fumba na fumbua. Lugha yetu inatuambia kwamba jibu haliletwi kutoka nje. Limo ndani ya kile kilichofungwa, na kazi ya mjibu ni kutendua kile ambacho mtungaji alikitenda.

Profesa wa Japani na kijiji cha mafumbo

Japani ilianza kutengeneza vibiriti katika miaka ya 1870, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza vibiriti vingi nje. Huko ndiko fumbo la njiti lilikopata mlezi wake mpya. Akira Tago (1926–2016) alikuwa mwanasaikolojia, profesa wa Chuo Kikuu cha Chiba. Mwaka 1966 alichapisha kitabu cha kwanza katika mfululizo wa mafumbo ulioitwa Atama no Taisō, yaani mazoezi ya viungo ya kichwa. Mfululizo huo uliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 12. Tunaona jambo la kupendeza katika majina haya. Mjapani hukinyosha kichwa kama mwanariadha anyoshavyo miguu, ilhali sisi tumeiita shughuli hiyohiyo chemsha bongo, tukaupeleka ubongo jikoni.

Miongoni mwa waliokua wakisoma vitabu vya Tago alikuwa Akihiro Hino, mkuu wa kampuni ya Level-5 ya mjini Fukuoka. Kampuni hiyo ilimwomba Tago asimamie mafumbo ya mchezo wake mpya wa video, na mwezi Februari 2007 ukatolewa nchini Japani mchezo wa kwanza wa Profesa Layton, kwa kifaa cha mkononi cha Nintendo DS chenye skrini mbili, moja ikiwa ya kugusa. Mwaka 2008 ulifika Marekani kwa jina la Professor Layton and the Curious Village, na baadaye ukatolewa pia kwa simu. Hadithi yake ni nyepesi. Profesa mmoja na mwanafunzi wake, Luke, wanafika katika kijiji ambako karibu kila mtu wanayekutana naye ana fumbo, na hawapewi msaada mpaka walifumbue. Mafumbo yanazidi 100, na ya kuhamisha njiti yamo.

Msikilizaji wa vitendawili vya Waswahili atajiona yuko nyumbani katika kijiji hicho. Kwetu mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji, nao humtajia miji mmoja baada ya mwingine mpaka upatikane unaomridhisha, ndipo atoe jibu. Katika mchezo wa Layton mchezaji aliyekwama hulipa sarafu alizookota kijijini apewe dokezo, na kila akikosea, alama za fumbo hilo hupungua. Desturi ni moja: ujinga una bei. Tofauti iliyopo ni kwamba mji wetu ulinunua jibu zima, ilhali sarafu ya Layton hununua dokezo tu.

Jambo lingine linalowahusu walimu wa lugha ni tafsiri. Mchezo ulipohamishwa kutoka Kijapani kwenda Kiingereza, baadhi ya mafumbo yalilazimika kuondolewa na kuwekwa mengine, kwa kuwa yalitegemea lugha ya Kijapani. Yeyote aliyewahi kujaribu kutafsiri kitendawili cha Kiswahili chenye mchezo wa sauti atawaelewa wafasiri hao. Hesabu ya njiti, kwa upande wake, huvuka mipaka bila pasi ya kusafiria, maana 6 husomeka sita Tokyo na Kampala. Hata hivyo, isisahaulike kwamba husafiri ikiwa imebeba mwandiko wake. Fumbo letu la 6 + 4 = 4 lina jibu la tatu: ondoa njiti ya chini kushoto ya 6 ibaki 5, kisha uiweke juu ya 4 ya upande wa kulia iwe 9, upate 5 + 4 = 9. Jibu hilo ni sahihi kwa anayeandika 9 isiyo na mkia wa chini, na si sahihi kwa anayeiandika yenye mkia. Na mwanafunzi mtundu atakuja na la nne: ataichukua njiti hiyohiyo ya 6 na kuilaza juu ya alama ya sawasawa, isomeke kwamba 5 + 4 si sawa na 4. Nani atakataa kwamba ni kweli?

Hapo ndipo mchezo wa video ulipotofautiana na meza. Mezani unaweza kubishana na aliyekutegea. Kifaa hakibishani. Mtengenezaji aliamua zamani ni majibu gani yapokelewe, na jibu lisilokuwamo katika orodha yake huhesabiwa kosa, hata kama lina akili kuliko lake. Tulipomkatalia yule mwanafunzi wetu, tulifanya kazi ya kifaa na kuiacha kazi ya mwalimu.

Kwa nini njiti moja hutushinda

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Günther Knoblich, Stellan Ohlsson na wenzao wawili walichapisha utafiti uliolifanya fumbo hili kuwa chombo cha maabara. Waliwapa watu milinganyo ya namba za Kirumi iliyopangwa kwa njiti na kupima ni ipi inayowashinda. Tutazame mifano minne.

Mfano wa kwanza ni VI = VII + I. Hamisha njiti moja kutoka VII kwenda VI, upate VII = VI + I. Huu ni rahisi, kwa sababu tumezoea kwamba namba hubadilika.

Mfano wa pili ni IV = III − I. Hapa hakuna namba inayoguswa. Njiti moja ya alama ya sawasawa huhamia kwenye alama ya kutoa, nazo alama mbili hubadilishana nafasi: IV − III = I. Mfano huu ni mgumu zaidi, maana shuleni tulifundishwa kutafuta namba, hatukufundishwa kuzitilia shaka alama.

Mfano wa tatu ni III = III + III. Njiti ya wima ya alama ya kujumlisha hulazwa, na mlinganyo husomeka III = III = III. Wengi hukwama hapa. Hawakuwahi kuona hesabu yenye alama mbili za sawasawa, kwa hiyo hawaifikirii, ingawa hakuna aliyeikataza.

Mfano wa nne ni XI = III + III. Jibu ni kuivunja X: njiti yake moja husogezwa ili ziwe mbili zilizoegemeana, yaani V, upate VI = III + III. Ugumu wa hapa si alama. Ugumu ni kwamba jicho letu huiona X kama kitu kimoja kisichogawanyika. Mtu huona kumi, njiti mbili hazioni.

Watafiti hao walieleza kwamba vizuizi ni viwili. Cha kwanza ni sheria tunazojiwekea bila kuambiwa, na dawa yake ni kuzilegeza. Cha pili ni mafungu tuliyoyazoea kuyaona kama kitu kimoja, na dawa yake ni kuyafumua. Vizuizi vyote viwili ni zao la ujuzi, wala havitokani na ujinga. Mtoto asiyejua X ni nini ataona njiti mbili bila taabu.

Utafiti mwingine wa kushangaza ulifanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2005 na Carlo Reverberi na wenzake. Waliwapa mafumbo haya watu wenye afya na wagonjwa waliokuwa wameumia sehemu ya pembeni ya mbele ya ubongo. Katika mafumbo magumu zaidi, asilimia 82 ya wagonjwa hao walipata jibu, ilhali watu wenye afya waliopata walikuwa asilimia 43. Tusielewe kwamba kuumia ubongo ni neema. Sehemu hiyo hutusaidia kupanga na kuchuja mawazo, na katika maisha ya kila siku tunaihitaji mno. Funzo ni kwamba chujio linalotufaa siku zote huweza, siku moja moja, kulitupa jibu sahihi pamoja na makapi.

Neno kama njiti

Sasa turudi kwenye kibiriti. Katika Kiarabu, sauti ki ya mwanzo wa neno kibrit ni sehemu ya mwili wa neno, si kiambishi. Vivyo hivyo katika kitab, lenye mzizi wa k-t-b. Wasemaji wa Kiswahili walipoyapokea maneno hayo waliyasikia kwa masikio ya Kibantu. Walisikia ki- waliyoijua katika kiti na kisu, wakaikata, wakaweka vi- mahali pake, tukapata vitabu na vibiriti. Kwa Mwarabu kitab ilikuwa X, kitu kimoja. Mswahili aliona njiti mbili.

Mwendo huo haukuishia pwani. Kiganda kina ekitabo na ebitabo, ekibiriiti na ebibiriiti. Kinyarwanda kina igitabo na ibitabo, ikibiriti na ibibiriti. Mfano wa Kinyarwanda unastahili kutazamwa kwa makini. Lugha hiyo hufuata kanuni ya Dahl, ambayo kwayo k ya kiambishi hugeuka g ikifuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Katika igitabo, k imegeuka g kwa sababu ya t inayofuata. Katika ikibiriti haikugeuka, kwa sababu b ni ghuna. Maana yake ni kwamba ki- hiyo ya Kiarabu ilikubalika kuwa kiambishi halisi, ikatii sheria za nyumba ilimohamia.

Kiswahili kimeendelea na mchezo huo. Kutoka Kiingereza tulichukua waya, na kwa kuwa w ya mwanzo ilisikika kama kiambishi cha ngeli ya uzi na nyuzi, tukapata nyaya za umeme. Tulichukua madigadi za gari, tukadhani ma- ni ya wingi, ikazaliwa digadi moja. Na huko Tanzania mzunguko wa barabara wenye kibao cha kumtaka dereva apite kushoto ukaitwa kipilefti, wingi vipilefti.

Hapa tuna jambo la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa walimu wachanga, tumetoka tu kumaliza shahada ya uzamili na tukiwa tumejaa usanifu hadi kooni, tulisahihisha insha ya mwanafunzi aliyekulia Mwanza. Aliandika juu ya vipilefti vya mjini. Tulilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, tukaandika pembeni kwamba si Kiswahili. Alama moja ikaondoka. Mwanafunzi hakulalamika. Lakini ikumbukwe kwamba kulikuwa na mtu, hatumjui jina wala mji, aliyesema vitabu kwa mara ya kwanza. Kama angekuwa na mwalimu wa Kiarabu aliye mkali kama sisi, naye angekatwa alama moja.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila kosa la mwanafunzi ni ubunifu. Mwanafunzi wetu wa Kampala anayeandika "kitabu yangu" hajavumbua chochote. Amevunja sheria ya upatanisho iliyo wazi, na tunapaswa kumwelekeza. Hata katika hesabu ya njiti, anayehamisha njiti mbili amekosea, hata kama jibu lake linapendeza. Tofauti iko hapa: aliyesema vipilefti hakuvunja sheria ya ngeli, ameifuata hadi mahali ambapo sisi hatukutarajia ifike. Alihamisha njiti moja tu, kama alivyoagizwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba hesabu ya njiti ilianzia katika vijiti vya kale vya kuhesabia, ikapata kifaa chake rahisi baada ya Walker na wenzake wa Sweden, ikaingia vitabuni Ulaya, ikalelewa na Tago Japani, ikafika katika mchezo wa video na hatimaye katika simu ya mwanafunzi wetu. Njiani imebadilika kutoka mti hadi mwanga wa skrini, lakini agizo lake ni lilelile, na udhaifu inaoufichua kwa msomaji ni uleule.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mafumbo haya yaletwe darasani wakati wa kufundisha ngeli na maneno ya mkopo. Anzeni na XI = III + III, kisha waulizeni wanafunzi kibrit ilivunjwaje ikapatikana vibiriti. Tumejaribu, na wanafunzi waliokuwa wakikariri orodha za ngeli walianza wenyewe kuleta mifano kutoka lugha zao za nyumbani. Pili, kabla ya kukata jibu ambalo hatukulitarajia, tujiulize swali moja: agizo lilisema nini, na sisi tumeongeza nini? Ikiwa mwanafunzi amevunja agizo, akatwe. Ikiwa amevunja tulichokiongeza sisi, alama ni yake.

Mwanafunzi wa nane kutoa nne yuko bado darasani kwetu, na alama yake tulimpa siku ileile. Wa vipilefti alihitimu zamani, na karatasi yake hatunayo tena.